Barua ya Wazi kwa Vijana wa Mgambo wa Mtwara na Lindi

Wajukuu zangu,

Msimu wa korosho uliopita nilipeleka magunia yangu ghalani, nikamkuta mlinzi ambaye ndiye niliyemfundisha kusoma. Alihitimu mafunzo ya mgambo, yaani jeshi la akiba, miaka minne iliyopita, baada ya kuacha sekondari njiani. Nilipomuuliza habari za masomo, akanijibu kwamba anasubiri jeshi limsomeshe, kwa kuwa ameona kwenye simu askari wa akiba wa Marekani wakisomeshwa. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujanitoka.

Aliyoyaona si uongo, ila hakuyaona yote. Marekani ilitunga sheria ya kuwasomesha askari waliotoka vitani mwaka 1944, na baadaye sheria nyingine ikawafikia askari wa akiba, wale wenye kazi zao za kiraia wanaoitwa mazoezini mara moja kwa mwezi. Lakini askari huyo hutia saini ya kutumikia miaka sita, hulipwa kwa miezi isiyozidi 36, na ni lazima awe amemaliza sekondari na kujiandikisha masomoni. Huko kwenyewe, mjukuu wangu, wewe usingepata hata senti.

Cheti cha mgambo cha hapa kwetu hakimlipii mtu ada. Miaka minne umekesha ukilinda korosho za watu, na mchana umelala kibarazani, ilhali aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, akaufaulu, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mtwara, kipo na Lindi. Nachingwea hapo wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walishika bunduki na daftari kwa pamoja, nao walikuwa na nchi ya kukomboa.

Tunzeni vyeti vyenu. Msimpe pesa mtu anayewaahidi ajira jeshini.

Nanyi viongozi, hamna budi kulisikia hili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na vijana wana fungu lao humo. Lakini kijana tunayemwita kila panapohitajika ulinzi hatumuulizi kama ana ada ya mtihani. Tunautumia usiku wake, kisha tunamlaumu kwamba hakusoma.

Wewe wa ghalani, njoo kwangu ukitoka lindo asubuhi. Vitabu vya hisabati ninavyo, na uji utaukuta.

Babu yenu, mwalimu mstaafu