Mdogo wangu, kijana anakuja kwako

Mdogo wangu,

Kijana wa marehemu dada yetu amepata chuo Dar na anasema atakaa kwako. Hakuniuliza, amenitaarifu. Kumbe mnaongea kwa simu miaka yote hii, na mimi nilidhani umekufa kwake kama ulivyokufa kwangu. Neno baya hilo, lakini naliacha hapohapo.

Naandika hapa mbele za watu kwa sababu WhatsApp unasoma na kunyamaza. Yeye mwenyewe ameipitia barua hii jana jioni, akafuta mistari miwili, hii iliyobaki kairuhusu. Alitaka jina lake lisitajwe, na la kwako pia. Sawa.

Nianze na kilicho chako. 2009, dada yuko chumba cha nyuma, mwepesi hata mtoto wa darasa la tano angemshinda uzito. Umeshuka kwenye basi siku hiyohiyo. Wanawake wamekaa mkekani, soga zao ni za watu wanaosubiri. Dada alikula matoke vijiko viwili, akashindwa. Uliichukua ile sahani, na kijiko kilekile, ukamaliza mbele yao, ukafuta mchuzi kwa kidole, ukaomba mengine. Hakuna aliyesema neno. Siku ile nilikupenda, waitu, mpaka nikatoka nje nilie.

Sisi ni watu wa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu, 1983, ugonjwa ukaitwa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Tumekulia kwenye vijiji vya mabibi na wajukuu. Kwa hiyo usiniambie hukujua.

Ndiyo maana ule wembe sijauelewa mpaka leo.

Desemba 2018, imebaki siku mbili Krismasi. Umekaa barazani kwenye kigoda unanyoa watoto. Kijana wetu ana miaka 13. Zamu yake ilipofika alijipaka sabuni mwenyewe, akainamisha kichwa mbele yako. Mkono wako ukasimama. Ukasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Huyu ana virusi, mleteeni wembe wake."

Watoto wanane. Mama wa maziwa amesimama na galoni lake. Mkeo yuko mlangoni. Mtoto akabaki ameinama vilevile, hakuna aliyekwenda kuleta wembe, povu likamkaukia kichwani. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia. Nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.

Wembe hauchangiwi, hapo sibishani na wewe. Lakini wale wanane walikuwa wanachangia mmoja! Ungemtuma mtu dukani, kila kichwa na wembe wake, nani angeuliza kwa nini?

Usiku akaja kitandani kwangu. "Mama, dawa za kifua ndizo za virusi?"

Nikamwambia alale.

Najua utasema nini, maana ulishakisema: mbona alikuwa hajaambiwa? Haya. Muuguzi wa CTC, kliniki ya dawa za virusi, alinianza mtoto akiwa na miaka 8. Mwambie kidogo kidogo, asifike 12 hajui. Nikaitikia. Lakini muuguzi anarudi kwake jioni, wewe unarudi Dar, ninayebaki na maswali ni mimi. Ukimwambia ana nini, atauliza kakipata wapi. Ukimwambia kakipata wapi, umemuua mama yake mara ya pili. Tangu ana miaka minne nilimsagia vidonge kwenye kijiko cha uji, akitapika nasaga vingine. Nilisema ni vya kifua kwa kuwa alikuwa anakohoa kweli. Nilikuwa nasubiri amalize darasa la saba. Nilikuwa na mpango.

Baada ya Krismasi ile akawa mtiifu mno. Saa tatu usiku anameza mbele yangu, anafungua mdomo nione, kisha anakwenda chooni. Mwezi wa sita majibu ya wingi wa virusi yakarudi: nakala 48,000. Niligombana na muuguzi, nikamwambia wamechanganya damu za watu. Wiki hiyohiyo napalilia kibanja, chini ya mgomba ulio karibu na choo nikaona kitu cheupe. Vidonge. Vingine vimevimba kwa mvua, vingine vimeshakuwa unga. Nilivihesabu nimechuchumaa. Nilipofika 60 nikaacha.

Deni hilo nililiandika kwa jina lako. Nikakutumia maneno ya Sheria ya UKIMWI ya 2008, nikasema nitakushtaki kwa unyanyapaa. Sikuwa na wakili wala nauli ya kwenda mahakamani. Nilikuwa natafuta fimbo tu.

Aliyemrudisha kwenye dawa si mimi wala wewe. Ni klabu ya vijana ya Jumamosi pale kliniki, na mwelimishaji rika mmoja aliyezaliwa na virusi kama yeye. Kwake ndiko alikosema kuwa ile dawa ya usiku ilimletea ndoto za kutisha. Mimi hakuniambia. Angeniambiaje, wakati nilimwambia ni ya kifua? Baadaye wakambadilishia, akapewa hii ya sasa yenye dolutegravir, ndoto zikaisha. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada, yule mwelimishaji naye akaondoka na wenzake. Kijana wetu akawa anakwenda Jumamosi kukaa na wadogo, bila posho. Sijui kama alikuambia hilo. Pengine alikuambia wewe kwanza.

Sasa nisikilize. Anabeba barua ya uhamisho na dawa za miezi mitatu, kwa hiyo ajiandikishe kliniki ya huko mapema, asingoje kopo liishe. Ndani ya kopo anaweka pamba ili lisilie njiani, usimcheke. Saa tatu usiku usimtume dukani. Asitengewe kikombe, na mkeo umwambie wewe, nikimwambia mimi itakuwa vita. Virusi vyake havionekani kwenye kipimo mwaka wa tano sasa, maana yake, mradi anaendelea kumeza dawa, mwenzi wake hawezi kuambukizwa naye kwa ngono. Akileta mchumba, usimwite binti pembeni. Atasema mwenyewe, siku anayotaka yeye. Wewe una historia ya kuwasemea watu.

Na usimuulize kama amemeza. Mimi bado namuuliza. Ana miaka 20, ana ndevu, ikifika saa tatu namtazama koo. Mtu aliyehesabu vidonge kwenye matope haachi kirahisi, hata wewe ungekuwa mimi usingeacha.

Jana alipomaliza kusoma alinirudishia simu, akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mjomba aliniaibisha, ni kweli. Lakini mama, wewe ungeniambia lini?"

Nikamjibu nilikuwa na mpango.

Akacheka. Si kwa ubaya, alicheka tu, akaenda kupanga begi.

Sijakusamehe. Nimeona niliseme hapa ili usije ukadhani kijana ndiye salamu zangu. Ila kuna siku nikimenya ndizi nakumbuka ile sahani ya dada, na ule mkono uliofuta mchuzi, na sipati namna ya kukuchukia mpaka mwisho.

Anapanda basi Bukoba Jumapili alfajiri. Kampokee mwenyewe Stendi ya Magufuli, usimtumie boda. Nimekukaangia senene, ziko kwenye ndoo ndogo ya bluu, kavu, bila vitunguu kama unavyopenda. Ndoo nirudishiwe.

Dada yako