Mdogo wangu, fika Dodoma siku moja kabla

Mdogo wangu,

Mama mdogo kanipigia jana usiku. Kaniambia jina lako limo kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa kazi serikalini, Dodoma, na kwamba unasitasita kwa sababu kila uliyemuuliza kakwambia kule ni vumbi na jua tu. Nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa najua wapo vijana wengi, wa Tanga, wa Lindi, wa Kigoma, wenye tangazo kama lako mkononi na ambao hawajawahi kutoka mkoani kwao isipokuwa kwa msiba au harusi.

Waliokwambia hivyo hawakukudanganya. Ila mji waliuona wakiwa wamechoka. Mtu anapanda basi jioni, anashushwa stendi ya Nanenane saa tisa usiku, anajikunyata kwenye benchi mpaka kupambazuke, ananawa uso kwa maji ya chupa, anakimbilia mchujo, ule mtihani wa kwanza wa usaili, akitoka huko anarudi stendi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, safari za namna hii zimekuwa nyingi, maana mtu anaokoa hela ya gesti. Hesabu hiyo naijua vizuri. Tangazo lenyewe linasema msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi, na anayeambiwa hayo ni mtu asiye na kazi. Kila nikiusoma mstari ule unaniuma. Hata hivyo, hela ya kulala usiku mmoja tuitafute. Mimi nitachangia.

Panda basi la alfajiri, na mkishapita Morogoro usilale. Dumila utaona vitunguu na nyanya vimepangwa kando ya barabara, Gairo viazi vitamu, Kibaigwa malori yanapakia mahindi. Baada ya hapo nchi inafunguka. Miti inakuwa mifupi, mibuyu inaanza, mawe makubwa yanajitokeza, na jicho linakwenda mbali kuliko tulivyozoea sisi tuliokulia chini ya minazi. Mimi mara ya kwanza niliogopa uwazi ule. Sasa naupenda.

Beba sweta. Najua utacheka, lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una upepo unaopenya hadi kwenye mifupa. Na kama usaili ukiangukia kati ya Aprili na Juni, weka chumba mapema. Huo ni wakati wa Bunge la bajeti, vyumba vinajaa na bei zinapanda.

Sisi wa Ngamiani, Tanga, tumezoea barabara zenye namba, mtu akikuambia barabara ya kumi na mbili unafika bila kuuliza. Dodoma utasikia Area A, Area C, Area D, na mwanzoni utaona kama umeingia kwenye ramani ya mtu wa mipango miji. Na kwa kweli ndivyo ulivyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, viwanja vikapimwa, barabara zikachorwa, halafu mji ukasubiri kwa miaka mingi. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Ndiyo maana utakuta majengo ya wizara yanang'aa kule Mtumba, na hapohapo maisha ya Wagogo yanaendelea kama yalivyokuwa. Nilimwona mzee mmoja kajifunga shuka, fimbo kaiweka mabegani, anavusha mbuzi wake barabara ya lami. Magari mawili ya serikali yenye namba za STK yalisimama kumsubiri. Mzee hakukimbia. Mbuzi wa mwisho alipovuka aliinua mkono kushukuru, dereva naye akainua wake. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia, nikasema moyoni kwamba mji huu una adabu.

Kama kituo chako ni Chuo Kikuu cha Dodoma, usidhani ni chuo cha kuzunguka kwa miguu. Kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na ndaki zake, yaani vyuo vidogo vilivyo ndani yake, zimetawanyika kiasi kwamba unaweza kuwa ndani ya chuo na bado ukahitaji bodaboda. Nenda jioni ya siku iliyotangulia, ulione jengo kwa macho yako. Vyeti uwe navyo halisi, maana karatasi za matokeo hazipokelewi, na majina yafanane na ya kitambulisho. Nimewaona watu waliotoka mbali wakirudishwa mlangoni kwa jambo hilo tu, na hakuna wa kuwatetea.

Kwenye foleni jifunze kuongea na watu. Ile siku yangu mbele yangu alikuwa dada kutoka Rukwa, ananyonyesha mtoto huku amefungua Sheria ya Utumishi wa Umma mapajani, anasoma kwa sauti ya chini. Nyuma alikuwepo kijana wa Bukoba na mfuko wa karanga, akatugawia wote. Tulikuwa tunagombea nafasi zilezile, na bado tukaulizana maswali, tukasahihishana. Nikimkumbuka yule dada mpaka leo namwombea awe aliipata.

Mwanza nilikwenda kwa kampuni moja binafsi. Nilipofika nikaambiwa usaili umesogezwa mbele, watanijulisha. Hawakunijulisha mpaka leo. Nilitoka pale nimevunjika moyo, nikapanda daladala bila kuangalia inakokwenda, ikanishusha Kirumba. Mdogo wangu, ule mji umejengwa juu ya mawe. Nyumba zimekaa juu ya miamba, ngazi zinapita katikati ya mawe, na kinamama wanapanda na ndoo kichwani bila kushika kitu. Pale soko la samaki la Mwaloni dagaa walikuwa wameanikwa, magunia yanashonwa, vijana wanabeba huku wakiimba. Na ziwa! Mawimbi yanapiga kama ya kwetu Raskazone, lakini pumzi ya upepo haina chumvi. Mama ntilie mmoja aliniona nimekaa peke yangu, akaniletea sato na ugali kabla sijaagiza, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Tanga, kwa usaili, alipunguza bei. Daraja la Kigongo-Busisi wakati huo lilikuwa bado linajengwa, watu wote ndilo walilokuwa wakilizungumzia. Lilizinduliwa Juni 2025 na nataka siku moja nilivuke.

Mbeya sikukaa sana. Nakumbuka ukungu juu ya mlima Loleza asubuhi, baridi ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na ndizi za Mwanjelwa. Mahojiano yalikwenda vizuri ila nafasi ilikuwa moja.

Nakueleza yote haya kwa sababu mtu anayeomba kazi serikalini haombi kazi ya mji fulani. Mimi jina langu lilikuja kutoka kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi, wakati nimeshakata tamaa, nikapangiwa Manyoni, mkoa wa Singida, jirani na Dodoma. Sikuwa na ndugu wala rafiki kule. Kilichonisaidia ni kwamba Dodoma nilikuwa nimeshaitembea: nilijua pa kushukia, pa kulala, pa kununua godoro. Wenzangu wawili tuliopangiwa pamoja waliondoka kabla ya mwaka kwisha. Walikuwa wazuri kazini kuliko mimi, lakini waliingia huku wakiwa wameshauchukia mkoa kwa maneno ya kusikia, na hakuna aliyewashika mkono kuwaonyesha kitu kingine.

Wewe utashikwa mkono. Nimeshaomba ruhusa, nitapanda basi la asubuhi kutoka Manyoni siku hiyohiyo unayosafiri, nikupokee Nanenane. Tutalala kwa yule mama wa Chang'ombe, chumba safi na maji ya moto yapo. Ukimaliza mchujo tutakwenda mjini Nyerere Square upate kula kwanza, halafu uniambie walikuuliza nini. Ikiwa utakaa hadi Jumamosi nitakupeleka mnada wa Msalato tule mbuzi choma. Mwambie mama mdogo shikamoo, na nauli nitamtumia kwenye simu yake Ijumaa, kwa hiyo usikope kwa mtu.

Dada yako,
Manyoni