Programu Yako Haionekani Tena Play Store? Soma Kabla ya Kulipa Upya

Swali ninaloletewa zaidi na wenye biashara wa hapa Unguja ni hili: "Mbona wateja wapya hawaioni programu yetu Play Store, na kwenye simu yangu ipo?" Wengi huja wakiwa wameshaambiwa kwamba lazima itengenezwe upya kuanzia mwanzo. Mara nyingi si lazima.

Kila mwaka, kwa kawaida mwisho wa Agosti, Google hupandisha kiwango: programu inayotaka kubaki dukani kwake sharti iwe imeandaliwa kwa toleo la Android la karibuni. Tangu Agosti 31, 2025, programu isiyofikia angalau Android 14 haionekani kwa mtu mpya mwenye simu ya toleo la juu kuliko lile iliyoandaliwa kwalo. Aliyekuwa nayo tangu zamani anaendelea nayo. Ndiyo maana wewe unaiona, na mteja aliyenunua simu mpya juzi pale Darajani anaitafuta haipati. Hakuna aliyeifuta. Fundi alilipwa, akakabidhi kazi, na tangu hapo haijaguswa.

Kwa Apple, wenye simu za iPhone, ada ya akaunti ya kuweka programu dukani ni ya kila mwaka, dola 99, wakati Google hutoza dola 25 mara moja tu. Usipoilipa ya Apple, programu huondolewa dukani. Na ilipotoka iOS 11, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2017, programu za zamani za biti 32, yaani zilizoandaliwa kwa vichakataji vya kizazi cha nyuma, ziliacha kabisa kufunguka kwenye simu zilizopandishwa toleo.

Kwa hiyo bei ninayokupa ina sehemu mbili, kutengeneza na matunzo ya mwaka. Najua wapo wanaohisi hiyo ya pili ni njia ya kumkamua mteja. Lakini anayekuahidi programu ya kudumu kwa malipo ya mara moja anakuahidi kitu kisichokuwa mikononi mwake.

Hili nalisisitiza kuliko yote: akaunti ya Play Store iwe ya biashara yako, si ya fundi. Kuna kazi nzuri kabisa zimefia kwenye akaunti ya mtu aliyehama na kubadilisha namba ya simu. Hapo inabidi iwekwe dukani upya kama programu nyengine, tena wateja wako wote wa mwanzo hawapati toleo jipya mpaka wapakue nyengine. Na kama programu yako ni ya kabla ya Agosti 2021, muulize aliyeitengeneza ufunguo wa kuisaini uko wapi, yaani ile faili ya siri inayothibitisha kwamba toleo jipya limetoka kwa mwenye programu. Muulize leo. Kwa zilizokuja baadaye, Google yenyewe huutunza.

Kuna biashara ninazozishauri zisitengeneze programu kabisa. Mgeni wa siku nne Nungwi hatapakua programu ili apande mashua mara moja. Mpe tovuti nyepesi yenye picha, bei na kitufe cha WhatsApp.

Duka la jumla la Mlandege lenye wateja wa rejareja Wete, Konde na Mkoani kule Pemba ni jambo jengine. Hao wanaagiza kila mara, na programu itawafaa, ila itengenezwe kwa mtandao tulio nao. Mwenye duka wa Konde aweze kuandika oda yake ya unga, sukari na mafuta hata mtandao ukiwa umekatika. Oda ikae ndani ya simu, iondoke yenyewe mtandao ukirudi. Na hapa pana mtego. Oda inaweza kufika Unguja salama, kisha mtandao ukakatika kabla simu haijapata jibu. Simu haijui kama ilifika, inaituma tena, na magunia yanapakiwa melini mara mbili. Dawa yake ni kila oda kupewa namba yake ya kipekee palepale kwenye simu kabla ya kutumwa. Ikija mara ya pili na namba ileile, mfumo unaitambua na kuiacha. Ukitaka kumpima fundi yeyote, mimi nikiwemo, muulize hapo anafanyaje.

Malipo yasikutishe. Kwa bidhaa za kushikika, Google na Apple hawachukui asilimia yao. Mteja atalipa kwa pesa za simu kama alivyozoea.

Kazi zangu nazipima kwenye Tecno na itel za bei ya chini zenye RAM ya GB 2, hifadhi ikiwa imejaa picha na video za WhatsApp, kwa sababu ndizo simu za wateja wengi. Programu nzito hula bando wakati wa kupakuliwa, na simu ikijaa ndiyo inayofutwa mwanzo. Pia programu ya kuagiza unga haina haja ya kusoma majina ya watu yaliyomo kwenye simu ya mteja, wala kumfuatilia alipo. Nikiombwa niweke ruhusa hizo bila sababu, nakataa kazi.

Kama programu yako imepotea, njoo na barua pepe iliyofungulia akaunti, faili za msimbo (maandishi ya kompyuta yaliyoitengeneza programu) kama ulikabidhiwa, na simu moja ya aina wanayotumia wateja wako. Kuikagua na kukwambia kama inaokoleka sitozi kitu.