Nguo zangu si pambo la mtaa

Mhariri,

Mwaka huu natimiza miaka 19 nikisoma gazeti lenu: zamani lile la karatasi, likinifikia limefungiwa dagaa ndani ya sanduku la mgeni kutoka Mombasa, siku hizi kwenye simu. Sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlipowaita Wangazija Waarabu nilinyamaza, na siku mlipoiweka Marseille Italia nilicheka tu. Lakini ile makala ya safari ya juzi, ya mwandishi wenu aliyekuja kuzurura siku mbili Le Panier, mtaa wetu wa kale hapa Marseille, Ufaransa, imenishinda.

Kwamba mtaa unapendeza, sibishi. Naishi humu. Upepo wa mistral ukishavuma usiku kucha, asubuhi mbingu ni samawati mpaka macho yanauma, na kutoka uwanja wa Place des Moulins vichochoro vinateremka kama vya kwetu Mji wa Kale. Ila ameandika kwamba madirisha ya Le Panier "yamepambwa kwa nguo za rangi". Yamepambwa! Nguo hizo nimezifua mimi, Mhariri. Zinaning'inia dirishani kwa sababu nyumba ni vyumba viwili ghorofa ya nne, bila ua wala roshani. Na katika picha zenu ipo kanga yangu. Naijua kwa alama ya pasi kwenye pindo. Mkaiandikia chini "Rangi za Mediterania". Wazungu wanaoipiga picha kila siku nawasamehe, hawajui kuisoma. Huyu wenu ni Mswahili, amesimama chini yake na simu yake, na kanga imeandikwa kwa herufi kubwa: MAMBO YANGU YAKUHUSU NINI.

Anawashauri wasomaji wapange "nyumba ya mwenyeji" badala ya hoteli, ili waonje maisha ya mtaa. Basi naomba niwaonjeshe. Kwenye vyuma vya mlango wetu wa chini vimefungwa vijisanduku 7 vya funguo, vya wageni wa kulala siku mbili tatu. Agosti iliyopita, saa saba na nusu usiku, nikasikia magurudumu ya masanduku yanapanda ngazi, du, du, du, kila kidato kivyake. Yakakoma mlangoni kwangu. Ufunguo ukaingizwa kwenye kitasa changu, ukazungushwa, ukatolewa, ukaingizwa tena. Mume wangu akafungua akiwa na kikoi. Kijana wa watu akamuuliza nywila ya intaneti ni ipi. Nikatokea mimi nyuma, nimejifunga leso kichwani, akanitazama akauliza kama mimi ndiye msafishaji, kwa kuwa alikuwa ameandika mapema kuomba mashuka ya ziada. Msichana aliyekuwa naye alikuwa amekaa kwenye ngazi analia kwa uchovu, na nyumba yao ilikuwa ghorofa ya juu yetu. Unajua nani alilibeba lile sanduku? Mume wangu, mwenye goti bovu na zamu ya saa kumi na moja alfajiri. Hata ahsante tuliisikia nusu, mlango umeshafungwa. Marehemu baba mkwe, baharia, alishuka bandari hii kutoka Ngazidja, Komoro, na kijisanduku kimoja cha mbao, akakibeba begani mpaka juu hapa, na hakuamsha mtu.

Kilichoniuma zaidi ni sentensi moja. Mwandishi amelalamika kwamba majengo yaliyopangwa kando ya Vieux-Port, yaani bandari ya zamani, "yanaharibu mandhari", akashangaa wenye mji walifikiria nini. Angeuliza, kuuliza si ujinga. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Ufaransa wenyewe, waliuzingira mtaa ulioko chini ya huu wetu, mtaa wa mabaharia, wavuvi na maskini, wakawatoa watu zaidi ya 20,000 majumbani mwao. Katika misako ya siku hizo mamia ya Wayahudi wa mji huu walikamatwa wakapelekwa Sobibor, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, kuuawa. Mwezi uliofuata nyumba zikaanza kulipuliwa kwa baruti, moja baada ya nyingine, takriban majengo 1,500, mpaka pakabaki uwanja wa kifusi. Hayo yanayomharibia picha yalijengwa baada ya vita, juu ya hicho kifusi. Halafu lile jengo la Vieille Charité ameliita "kasri". Matao yake ya mawe ya waridi ni mazuri kweli, na leo mna makumbusho ndani. Ila ilianza kujengwa mwaka 1671 ili ombaomba na maskini wafungiwe humo wasionekane barabarani. Kasri labda kwa aliyekuwa na ufunguo.

Na sabuni! Amejisifu kununua "sabuni halisi ya Marseille", ya zambarau, inanukia lavenda. Sabuni halisi ni mche wa kijani wa mafuta ya zeituni, au ile nyeupe ya kufulia, haina marashi, na imepigwa muhuri wa 72%, yaani kiasi cha mafuta. Hiyo ya zambarau ni peremende ya kuogea. Najua duka aliloinunua, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nanunua nazi, ndizi mbichi na mataba, yaani kisamvu kwa Kingazija. Huu ni mji ambao watu huuita kisiwa cha tano cha Komoro, na leo kwa nazi moja napanda basi.

Dawa ninayo. Anayepangisha wageni abebe masanduku yao mwenyewe, kwa mikono yake, mpaka ghorofa ya mwisho. Kama hilo ni zito, basi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi gurudumu lolote lisipande kutoka Place de Lenche bila kuvishwa kitambaa. Mwandishi wenu akirudi, aanze yeye kwa mfano. Nitamtolea kanga mbili kuukuu za kufungia. Ile ya kwenye picha siitoi.

Mpangaji wa ghorofa ya nne,
Le Panier, Marseille