Uso wa vitone kumi

Ujiji, Kigoma
14 Julai 2025

Shoga yangu Mama Tatu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ipuli, Tabora, wewe na Baba Tatu na wajukuu. Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Asali yako ilifika na treni, dumu halikuvuja hata tone. Nimempa Bibi kikombe kizima kwa ajili ya kifua chake na ameniambia nisisahau kukupa salamu.

Siku ile mtandao ulipokuwa unakatakata uliniuliza habari ya kamera. Kwamba hiyo mliyoweka nyumbani haioneshi vizuri, fundi anawaambia muitoe muweke ya megapikseli nane, yaani yenye vitone vya picha milioni nane, na hela yake si ndogo. Nikakwambia subiri, nitakuandikia. Sikuwa nakukwepa. Jambo hili siwezi kulisema kwa dakika mbili, maana limenipitisha mahali ambapo sikutaka kupita.

Wizi wa Januari uliusikia, ila hukusikia yote. Waliingia stoo ya uani usiku wa mvua, wakabeba madumu manne ya mawese, yale ya lita 20, na gunia la dagaa niliowanunua Katonga siku mbili nyuma. Asubuhi hata sikulia sana, kwa sababu nilijua kamera ipo. Nikakaa kitako kwenye ngazi, nikafungua simu, nikarudisha nyuma. Saa nane na dakika kumi na mbili usiku, huyo hapo anatoka. Dumu begani, kofia ya jaketi kichwani, na anageuka kabisa kuitazama kamera. Nikasimamisha picha hapohapo. Nikaivuta kwa vidole viwili ili uso ukue. Mama Tatu, uso ulikua ukawa miraba. Mraba wa kijivu, wa pembeni yake mweusi kidogo, kisha kijivu tena. Macho hayapo, mdomo haupo.

Majirani wakaja, picha ikazunguka simu hadi simu. Huyu akasema mabega hayo anayajua. Yule akasema tazameni mwendo. Kila aliyeitazama aliiwekea uso aliokuja nao kutoka kwake. Kabla ya adhuhuri jina lilikwisha kupatikana: kijana wa mkokoteni, yuleyule anayenishushia madumu kutoka kwenye gari. Wakanigeukia: "Mama Shani, si ndiye?" Nikaitazama ile miraba tena, nikasema, "Anafanana." Neno hilo moja limenikaa kooni mpaka leo.

Wakamfuata kwao. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi, hawakumgusa. Akaulizwa usiku alikuwa wapi, akasema Kibirizi, anashusha mizigo ya boti. Wenzake wakaja pamoja na mwenye boti, wakasema kweli, walikuwa naye tangu magharibi mpaka alfajiri. Akaachiwa. Lakini muda wote huo mama yake alikuwa amesimama nje, kanga kichwani, hasemi neno. Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Walinipokea, wakanipa maji. Bilauri ile sikuweza kuimaliza.

Ndiyo sababu niliamua kubadilisha kamera, hata kabla ya kununua madumu mengine.

Fundi wa kwanza niliyemwita alisimama getini, akaangalia juu, akasema kama walivyowaambia nyinyi: weka ya megapikseli nane palepale, mambo yamekwisha. Wa pili, kijana mmoja wa hapa Mwanga, mpole, asiye na haraka, aliomba futi kamba na mtu wa kumshikia ncha ya pili. Nikampenda hapohapo. Tukapima, akaomba na kalamu, akaandika hesabu nyuma ya daftari langu la madeni. Nina ukurasa ule hapa mbele yangu.

Kamera ya zamani ilikuwa ile wanayoita 720. Picha yake imejengwa kwa vitone, ndizo hizo pikseli, 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. Ilikuwa juu kabisa kwenye pembe ya bati, mita tisa kutoka mlango wa stoo, na lenzi yake pana inaona kuanzia mwembe mpaka ukuta wa jirani. Pale mlangoni upana huo tuliupima ukawa mita 20. Gawanya 1280 kwa 20, kila mita inapata vitone 64. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo mwizi wangu, na kugeuka kote kule, alipata vitone kumi vya uso. Fundi akanichorea miraba kumi kwenye mstari, akanipa kalamu: "Mama, weka macho humo." Nilijaribu kweli. Hayaingii.

Sasa hiyo ya megapikseli nane ina vitone 3840 kwa upana. Ukiiweka palepale juu, uso unapata vitone 29. Ni karibu mara tatu ya mwanzo, si haba. Ila akaniambia chukua ya megapikseli nne, yenye vitone 2560, badala ya lenzi ya milimita 2.8 weka ya milimita 6 inayoona kwembamba, halafu uishushe na kuisogeza mpaka mita sita kutoka mlangoni. Hapo inaona upana wa mita sita tu, na kila mita inapata vitone 427. Uso unapata 64. Kamera ya bei ya chini inakupa uso mara mbili ya ile ya bei kubwa! Mafundi wanaojua kazi yao wana kipimo: ili umtambue mtu usiyemjua, kila mita ipate vitone 250 au zaidi. Kwa hesabu hiyo hata ile ya nane, ikikaa juu ya bati langu na lenzi yake pana, isingefika.

Kwa hiyo mkikaa na fundi wenu msianze na megapikseli. Mwulizeni kwanza uso wa mtu mnautaka wapi. Getini? Mlango wa stoo ya asali? Mkishapachagua, pimeni. Mimi nimeweka kamera mbili: moja lenzi pana inayoangalia uwanja wote, inaniambia mtu kaingia wapi na katokea wapi, na moja nyembamba inayongoja mlangoni. Hii ya mlangoni iko kimo cha mita mbili na nusu, chini ya ukingo wa paa, ndani ya kizimba cha nondo alichochomelea mwanangu. Ikiwa juu sana inapiga picha ya kofia tu.

Jioni ya kwanza nilitaka kumrudisha fundi kwa hasira. Nimefungua simu, picha ileile ya ukungu! Nimetoa hela yote hii? Akaja na baiskeli yake, hakusema kitu, akagusa herufi mbili ndogo kwenye pembe ya kioo. Zilikuwa SD, zikawa HD. Picha ikafunguka, nikaona mpaka misumari ya mlango. Kumbe kamera inatoa picha mbili kwa wakati mmoja, nzito ya kurekodi na nyepesi ya kutazama kwenye simu. Na nyepesi ina maana yake: ukitazama ile nzito saa moja kwa bando, kwa megabiti 4 kila sekunde, imekula GB 1.8. Mimi natazama nyepesi, nzito naiacha ijirekodi. Likitokea jambo ndipo naifungua.

Kuhifadhi nako msikusahau, huko ndiko watu wengi wanakokwama. Kamera ya zamani ilikuwa na kadi ya GB 32, picha zake nyepesi zikikaa siku tatu. Hizi mpya, kwa uzito huo wa megabiti 4, kila moja inataka GB 43 kwa siku. Kadi ile ingeanza usiku wa manane isifike Magharibi. Nikanunua rekoda yenye diski ya TB 1, yaani GB 1000, kamera mbili zikanipa siku 11. Fundi akabadilisha namna ya kubana picha kutoka H.264 kwenda H.265, akashusha mpaka megabiti 2 kila moja, na kwa macho yangu sikuona tofauti. Sasa napata siku 23. Nilipofiwa na shangazi kule Kasulu nilikaa siku tisa, nikarudi nikakuta kila usiku upo. Nyinyi rekoda mnayo tayari, basi mwulizeni fundi inapokea megapikseli ngapi. Kama mwisho wake ni mbili, kamera kubwa mtakayoichomeka ama itaikataa ama itaishusha ifanane nayo, na hela yenu itakuwa imelala.

Usiku ni habari nyingine. Vitone vikiwa vingi ndani ya sensa ileile ndogo, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kila kitone kinakuwa kidogo na kinapata mwanga kidogo. Kamera inalazimika kufungua jicho kwa muda mrefu zaidi, na mtu anayetembea anakuwa moshi. Hii niliiona kwa macho yangu: mchana kila kitu safi, usiku mwanangu anapita ana mikono minne. Tukaweka taa ya wati 9 juu ya mlango wa stoo, inawaka usiku kucha, na tangu hapo picha imetulia na hata rangi ya nguo inaonekana. Taa ile ya kawaida imesaidia kuliko nilivyodhani.

Zile taa za kamera yenyewe, zinazoonekana kama makaa mekundu gizani, zina adui wawili. Wa kwanza ukuta mweupe: mwanzoni kamera ilikaa karibu mno na ukuta, mwanga ukarudi machoni pake, picha ikawa kama maziwa. Kuisogeza kiganja kimoja kulitosha. Wa pili buibui. Masika wadudu wanafuata mwanga, buibui anafuata wadudu, anatandaza utando wake mbele ya lenzi, na usiku utando ule unang'aa kuliko mtu. Kila Ijumaa asubuhi napitisha kitambaa laini. Huko kwenu kiangazi vumbi litafanya kazi ya buibui, kwa hiyo kitambaa ni kilekile.

Kuna jambo halikunijia kabisa mpaka jirani yangu, Mama Hadija, alipobisha hodi. Hakuja kwa ugomvi. Aliuliza taratibu, "Jirani, hiyo kamera yako mpya inaniona nikienda kuoga?" Nikamleta ndani, tukatazama pamoja. Kamera ya zamani ilimwona kama kivuli, hii ya uwanja ilikuwa inaona mpaka maua ya kanga yake. Nilijisikia vibaya sana. Fundi alinionesha namna ya kuweka kipande cheusi juu ya sehemu hiyo ya picha, ambayo hairekodiwi hata kidogo, nikampigia simu Mama Hadija aje ahakikishe mwenyewe. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya mtu ni taarifa yake. Hata isingekuwepo, ningelifanya. Mkipandisha ubora wa picha, zungukeni kwanza muone na jirani gani mmempandishia.

Sasa nikwambie la mwisho. Siku fundi alipokuwa anarekebisha kamera ya mlangoni alihitaji mtu asimame pale ili ajaribu. Wakati huohuo kijana wa mkokoteni alikuwa ameleta madumu. Nilitazama pembeni, ningemwombaje yeye? Akatua mkokoteni wake, akachukua dumu moja, akaliweka begani, akaenda kusimama mlangoni bila kuambiwa. Akageuka akaitazama kamera, vilevile alivyogeuka yule mwingine.

Nikamwona kwenye kioo. Ana kovu la zamani juu ya nyusi ya kushoto, limekata nyusi mara mbili. Miaka minne ananibebea mizigo, sikuwahi kuliona. Ana sikio moja lililochomoza kidogo kuliko jenzake. Nilipomwita aone, alitazama kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama, hii ingekuwepo Januari." Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Sikuwa na la zaidi.

Basi fanyeni hivi. Wewe na Baba Tatu chukueni futi kamba, mpime kutoka pale kamera ilipo mpaka mlango wa stoo, kisha mpime upana ambao kamera inauona pale mlangoni. Mmoja atembee kushoto na kulia, mwingine atazame simu, mahali anapopotea kwenye picha wekeni jiwe. Niandikie namba hizo mbili pamoja na jina lililoandikwa chini ya rekoda. Nitampelekea fundi wangu afanye hesabu kabla hamjatoa shilingi. Kwa hesabu hiyo hatozi hela, nimemuuliza.

Dumu la mawese nitalituma na treni wiki ijayo, nimelifunga kwa nailoni mara mbili. Mwambie Tatu akalipokee stesheni mapema, lisikae juani.

Wasalimie wote.

Ni mimi shoga yako,
Mama Shani