Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika "siku hizi"

Wanangu wa meza ya makala,

Neno ninalolihofia kuliko yote katika kazi zenu ni "siku hizi". Siku hizi vijana hawaoi. Siku hizi majirani hawajuani. Ukishaliandika umedai mambo mawili kwa mpigo: kwamba sasa hali iko hivi, na kwamba zamani ilikuwa vingine. La kwanza huwa mmelihangaikia kidogo. La pili mnalikopa kwa yeyote mwenye mvi, na sisi wenye mvi si mashahidi wazuri: tunaukumbuka ujana wetu tukadhani tunaikumbuka enzi.

Chukueni talaka. Tuseme zimepanda kutoka 200 kwa mwaka hadi 300. Kichwa cha habari kimeshaiva. Kabla hujakiepua, uliza ndoa zenyewe zilikuwa ngapi. Kama zilikuwa 10,000 na sasa ni 15,000, basi talaka ni 20 kwa kila ndoa 1,000, mwaka ule na mwaka huu. Kilichoongezeka ni ndoa zenyewe. Uliza pia kama utaratibu wa kuandikisha ni uleule. Sheria ikilegezwa, waliotengana kimyakimya kwa miaka mingi huingia daftarini kwa mkupuo, na takwimu zinaruka bila nyumba moja zaidi kuvunjika.

Neno "vijana" nalo lichungeni. Takwimu za Umoja wa Mataifa huhesabu miaka 15 hadi 24; Mkataba wa Vijana wa Afrika unafika 35. Ukizilinganisha ripoti mbili za namna hiyo, umemlinganisha mwanafunzi na baba wa watoto watatu. Na hata umri ukiwa sawa, kijana hasomi gazeti kwa kuwa ni kijana, au kwa kuwa ni wa kizazi hiki? Ukimweka kando ya mzee wa leo hutajua. Mweke kando ya mtu aliyekuwa na miaka 20 miaka 30 iliyopita.

Huyo mtu utampata wapi? Katika magazeti ya zamani, lakini si ukurasa wa mbele, maana pale mhariri aliweka lisilo la kawaida. Maisha ya kila siku yamo kwenye matangazo madogo: vyumba vya kupanga, kazi, vilivyopotea, pongezi, tanzia. Chagua juma moja, kwa mfano la kwanza la Machi, kwa miaka ya 1985, 1995, 2005 na 2015. Soma matoleo yote ya juma hilo, kwa sababu la Jumamosi halifanani na la Jumanne. Andika kanuni ya kuhesabu kabla ya kuanza. Kisha wawili wenu mhesabu matangazo 50 yaleyale, kila mmoja peke yake. Mkitofautiana kwa zaidi ya 5, kanuni imelegea, itengenezeni upya. Mtego mkubwa ni huu: tangazo likitoweka gazetini, huenda limehamia intaneti tu. Matangazo ya kazi kupungua si ushahidi kwamba kazi zimepungua.

Kura za maoni nazipita haraka. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukupa jibu linaloweza kuyumba kwa takriban pointi 3 juu au chini, kwa hiyo kutoka asilimia 48 hadi 50 si habari. Wingi wa watu nao hauponyi uteuzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura kama milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Rais Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya waliotumiwa yalikuwa yametoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani watu wenye nafuu wa wakati ule. Hizo kura mnazowapigisha wafuasi wenu mtandaoni ni ndugu zake wa damu.

Mkienda kuhoji, msiulize "Je, familia bado hukaa pamoja?" Mtu atakujibu anavyotamani iwe. Uliza: jana jioni, saa mbili, nani alikuwa sebuleni, nani alikuwa nje, na simu ya nani ilikuwa mkononi? Waulize watu wasiojuana. Watatu kutoka kundi moja la WhatsApp ni shahidi mmoja. Na wa nne akikataa kuingia kwenye hoja yako, jibu lake liandike kwanza.

Mzee wenu wa dawati