Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: kila kata iwe na daftari la ndege na wadudu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Yah: Ombi la kuanzishwa kwa daftari la ndege na wadudu katika kila kata

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, mkazi wa safu ya Uporoto. Kwa miaka 11 sasa nimekuwa nikipita njia ileile kila Jumamosi asubuhi, kuanzia kwenye mashamba ya viazi na pareto hadi juu kwenye uwanda wa nyasi, nikiandika ndege na wadudu ninaowaona. Nimechagua kukuandikia hadharani kwa kuwa ninaloliomba linawagusa wananchi wengi, na kwa kuwa lingeweza kuanza kwa maelekezo ya ofisi yako bila kusubiri bajeti mpya.

Nianze na ndege mmoja. Mbayuwayu buluu ni mdogo, mwenye buluu iliyokolea na kung'aa kama chuma, na mkia wa dume una manyoya mawili marefu, membamba kama nyuzi. Miezi asiyozaa hukaa pande za Ziwa Viktoria, huko Uganda na Kenya, na mvua zinapokaribia hurudi kwetu Nyanda za Juu Kusini kutaga. Wahifadhi duniani wanamhesabu miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Kinachomponza ni makazi yake: hajengi juu ya mti wala chini ya paa la nyumba, bali hubandika kiota cha tope na majani makavu ndani ya shimo ardhini, mara nyingi shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama mchimbaji anayekula mchwa, na chakula cha mbayuwayu huyu ni wadudu anaowadaka akiruka chinichini juu ya nyasi. Uwanda ukishapandwa misonobari au mikaratusi, hata kama shimo lenyewe litasalia, mahali pa kuwindia pamekwisha, naye harudi.

Ninao ukurasa wa Desemba 2019 unaosomeka hivi: "Saa 1:20 asubuhi, ukungu mwepesi. Mbayuwayu buluu 2, dume na jike. Wameingia shimoni mara 6 ndani ya dakika 30, midomoni wana wadudu." Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye umande, umbali wa hatua kama 40, na kila mzazi alipoingia nilisikia sauti nyembamba za makinda zikitoka chini ya ardhi.

Miaka miwili baadaye eneo lile lilipimwa kwa ajili ya kupandwa miti. Nilichukua daftari langu hadi kwenye ofisi moja ya umma, ambayo siitaji kwa sababu sikuja kumshitaki mtu. Mtumishi aliyenipokea alinikaribisha kwa heshima, akafunua kurasa chache, kisha akaniuliza, "Mwalimu, takwimu rasmi ziko wapi?" Sikuwa na jibu, maana takwimu hizo hazikuwepo. Daftari langu lilionekana kuwa kumbukumbu za mtu binafsi, na miti ikapandwa. Njia yangu bado inapita pale, na tangu wakati huo kila msimu nimeandika neno moja tu: hakuna.

Neno hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, Mheshimiwa. Watu wengi hudhani kumbukumbu ya ndege ni orodha ya waliopatikana, na siku ambayo ndege hakuonekana, mtazamaji hurudi nyumbani bila kuandika kitu. Lakini "hakuna" iliyoandikwa na mtu aliyetembea njia ileile, saa ileile, kwa muda uleule, ni ushahidi kamili. Ndiyo inayotofautisha ndege aliyetoweka na ndege ambaye hakutafutwa. Kwa sababu hiyo ninaomba daftari la kata liwe na safu ya tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, muda uliotumika, kilichoonekana, idadi yake, kilichokuwa kinafanya, na jina la aliyeona.

Kwa upande wa wadudu, hasara ya kutoandika tumekwisha kuiona mashambani. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, walithibitishwa nchini mwaka 2017, baada ya kugundulika Afrika Magharibi mwaka 2016. Kiwavi huyu hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso na madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mwisho wa mwili. Mtoto wa darasa la sita akionyeshwa mara moja hasahau. Wakulima wa mahindi huku kwetu walimwona, wakasimuliana sokoni, lakini sijakuta mahali palipoandikwa ni kijiji kipi kilianza na ni tarehe gani. Na hatungekuwa tunaanza jambo geni, kwa maana mitego ya kuhesabia nondo wa viwavijeshi wa kawaida imetumika nchini kwa miaka mingi ili wakulima wapewe tahadhari mapema.

Wapo pia wadudu tunaowategemea. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha likiwa dume, kwa hiyo linahitaji nyuki na nzi wa kusafirisha chavua. Rungwe imepanda parachichi kwa wingi. Nyuki wanaozuru maua hayo wanaongezeka au wanapungua? Dakika 10 za kuhesabu chini ya mti mmoja, kila wiki ya msimu wa maua, zingeanza kutupa jibu.

Ninachoomba hasa ni kwamba, kupitia Katibu Tawala wa Mkoa, wakurugenzi wa halmashauri waelekezwe kuwa kila ofisi ya kata itunze daftari moja kubwa, chini ya usimamizi wa afisa ugani, likijazwa na wanafunzi, walimu, wafugaji wa nyuki na mkulima yeyote aliye tayari. Gharama ni kaunta buku na penseli. Nasisitiza penseli, kwa sababu ukungu wa Uporoto huufuta wino. Mahali penye viota vya ndege adimu pasibandikwe ubaoni wala kusambazwa kwenye simu. Na kabla uwanda wowote wa nyasi haujaruhusiwa kupandwa miti, kamati ya mazingira ya kijiji husika ilifungue daftari hilo na matokeo yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao.

Mheshimiwa, kwale wa Udzungwa hakujulikana kwa sayansi hadi mwaka 1991, watafiti walipoona miguu yake ndani ya chungu cha mboga kambini. Mpishi bila shaka alishawahi kumwona mara nyingi, ila hapakuwa na daftari la kumwandika.

Madaftari yangu 7 nipo tayari kuyakabidhi kwa kata yangu siku daftari rasmi litakapofunguliwa, na Jumamosi zote nipo kwa atakayependa kufundishwa namna ya kulijaza.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Uporoto, Mbeya